Naomba ushauri: uwezo joto wa shaba unatoka mdogo maabara

Habari zenu walimu na wapenzi wa fizikia. Nafundisha sekondari Mbeya, kidato cha tatu, na tunapima uwezo joto mahususi wa shaba (joto linalohitajika kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja) kwa njia ya kuchanganya. Tunachemsha kipande cha shaba cha gramu 100 ndani ya maji, tunakitumbukiza kwenye gramu 200 za maji baridi ndani ya kalorimita (chombo cha kupimia joto), tunakoroga na kusoma kipimajoto. Wanafunzi wanapata karibu 330, wakati kitabu kinasema kama 390 J/kg K.

Huku maji huchemka chini ya nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo tunapima joto la maji yanayochemka badala ya kulikisia. Joto la kalorimita nalo tunalihesabu.

Nahisi shaba inapoa njiani. Ila kinachonisumbua zaidi ni kwamba maji yanapanda nyuzi 3 tu, na vipimajoto vyetu vina alama za nyuzi 1 moja. Ukikosea nusu nyuzi, jibu zima limeharibika.

Je, nipunguze maji yabaki gramu 100, au niongeze shaba? Na kalorimita mnaifunika kwa kitu gani, pamba au sponji? Watoto hawa wanastahili kuliona jibu likitoka mikononi mwao.