Msaada wakuu: nyanya za kitalu nyumba zinageuka njano wakati wa maua

Kijana wa Arumeru

Wakuu, habari za majukumu. Nina kitalu nyumba huku Arumeru, upande wa Usa River, nimepanda nyanya aina ya Anna F1. Miche ilishika vizuri, imepanda kamba mpaka imenipita kimo. Vichala vya chini vimeshafunga matunda, vya juu bado vina maua. Sasa majani yameanza kuwa ya njano, na kila nikiingia asubuhi naona yameongezeka.

Namwagilia kwa matone, maji ya kisima. Tangu maua yatoke mbolea ni 13-0-46 tu, kama alivyonielekeza muuza pembejeo. Jirani anasema mimea ina njaa ya urea. Muuza pembejeo anasema ni ukungu, na dawa ameshanitolea, bei yake si ya kuchezea. Nipige au nisubiri? Picha zinagoma kupanda, mtandao huku ni shida.

Mstaafu wa Matikiti

Karibu chamani. Wale waliokupigia hesabu ya mamilioni kwenye simu walikuambia habari za majani ya njano?

Mama Nyanya

Muacheni mwenzenu, ana shida.

Mdogo wangu, usipige chochote kwanza. Ukisema majani ya njano hujasema kitu bado, sababu ziko hata kumi. Rudi bandani uangalie: njano imeanzia majani ya chini au kileleni? Jani lote limepauka au mishipa imebaki kijani? Mche mzima au upande mmoja tu? Geuza majani uone kwa chini yake. Halafu ng'oa mche mmoja ulio hoi kuliko wote, uoshe mizizi, utuambie kama ina vinundu.

Mwana Kirinyaga

Boss, kama ni kileleni, majani yamekuwa madogo, yamejikunja kuelekea juu na mmea umedumaa, hiyo ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe. Nyinyi huko Tanzania mnaiita rasta. Hiyo haitibiki, ng'oa utie kwa gunia ufunge kabla hujatoka nayo nje, la sivyo unawapeleka wale nzi matembezi banda zima.

Kijana wa Arumeru

Nimerudi. Kileleni ni kijani safi, hakuna kujikunja. Njano imeanzia majani ya chini, yale ya jirani na kichala cha kwanza, na inapanda. Katikati ya mishipa ndiyo njano, mishipa yenyewe imebaki kijani kabisa, unaifuata kwa kidole mpaka ncha. Majani yaliyozidiwa yana mabaka ya kahawia ndani ya ile njano. Pande zote za mche ziko sawa. Mizizi ni myeupe, haina vinundu.

Ila mstari wa karibu na mlango uko tofauti. Kule jani lote lina vidoti vidogo vilivyopauka, na chini yake kuna utando mwembamba sana.

Mkulima Jeuri

Kuanzia chini ni naitrojeni hiyo, hakuna mjadala. Mwaga urea, wiki moja tu utakuja kushukuru hapa.

Bwana Shamba Mstaafu

Jeuri, punguza kasi. Naitrojeni ikipungua jani linapauka lote, mishipa nayo, na mmea mzima unakuwa mwembamba wa rangi ya maji. Huyu mishipa yake ni ya kijani na kilele kinasukuma. Ukimpa urea sasa utampa majani na matawi, maua yadondoke. Tena amonia inayotokana na urea inazidi kuubania mzizi kile kirutubisho anachopungukiwa.

Kijana, umetuletea wagonjwa wawili kwenye kadi moja. Tuwatenganishe.

Banda kwa jumla lina upungufu wa magnesiamu. Magnesiamu ndiyo kiini cha ule ukijani wa jani, na mmea unaweza kuihamisha. Ikipungua, mmea unainyang'anya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga na matunda. Ndiyo maana njano inaanzia chini na inajitokeza hasa vichala vinapoanza kujaa. Ingekuwa ni chuma, ungeona sura hiyohiyo ya mishipa ya kijani lakini kileleni, kwa sababu chuma kikishakaa kwenye jani hakihami.

Sasa kwa nini ipungue? Angalia mbolea yako. Ile 46 ya mwisho ni potasiamu. Nyanya zinaitaka kweli wakati wa matunda, lakini potasiamu ikizidi inashindana na magnesiamu mlangoni mwa mzizi, na inashinda. Udongo unaweza kuwa nayo ya kutosha na mmea ukalala njaa.

Nunua magnesiamu salfeti, wengi wanaiita chumvi ya Epsom. Ya kupuliza kwenye majani ni gramu 20 kwa lita moja ya maji, kwa bomba la lita 16 ni gramu 320. Ndani ya banda joto ni kali, kwa hiyo anza na nusu ya kipimo hicho kwenye miche michache, jioni jua likishapoa. Majani yasipoungua, endelea na banda zima, urudie baada ya wiki mbili. Na hiyo 13-0-46 ipunguze, usiiache kabisa.

Mama Nyanya

Mlangoni ni utitiri mwekundu, huo utando ndio unaomtaja. Anapenda joto na vumbi, ndiyo maana kaanzia mlangoni. Chupa uliyopewa ya ukungu haimfanyi kitu, utitiri si ukungu. Irudishe kama hujaifungua.

Vunja majani yaliyoshambuliwa zaidi uyatoe nje kwenye mfuko, yaliyobaki yaoshe kwa maji kwa chini. Akizidi, tafuta dawa ya utitiri hasa, kwa mfano yenye abamektini, na usome kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Usikimbilie sumu yoyote ya wadudu iliyopo store. Nyingine zinaua wadudu wanaomla utitiri, yeye anabaki anatamba.

Mwana Kirinyaga

Na ukitoka huo mstari wa mlango, nawa na ubadilishe nguo kabla ya kugusa mingine. Utitiri hupanda kwa shati.

Fundi Kisima

Naongezea la maji. Visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru vina floraidi na magadi, Kijana unayajua mwenyewe. Maji ya namna hiyo yakipita kwenye matone miezi na miezi yanaipandisha pH ya udongo, yaani kile kipimo cha uchachu na magadi, na hapo chuma kinafungwa, mzizi haukipati. Leo kilele chako ni kijani, vizuri, lakini pima pH ya maji na ya udongo sasa. Nyanya zinaridhika kati ya 6 na 6.8. Siku ukiona kilele kinapauka huku mishipa ni ya kijani, ulizia chuma cha aina ya EDDHA. Ile ya EDTA pH ikiwa juu haidumu. Kabla ya msimu mwingine peleka sampuli ya udongo SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga.

Kijana wa Arumeru

Nimewaelewa wakubwa zangu, asanteni sana. Dawa bado ina kizibo chake, narudisha kesho. Maswali mawili: haya majani ya njano yatarudi kijani? Na hiyo chumvi naweza kuipitisha kwenye tenki la matone pamoja na kalsiamu naitreti? Hiyo kalsiamu nilitaka kuianza kwa ajili ya matunda kuoza kitako.

Bwana Shamba Mstaafu

Yaliyopata mabaka ya kahawia hayarudi. Yenye njano nyepesi yatapata nafuu kidogo. Wewe pima kwa majani ya katikati: njano ikiacha kupanda, umepona. Majani ya chini ya kichala kinachoiva unayatoa hata hivyo, hewa ipite.

Tenki moja, hapana. Salfeti ikikutana na kalsiamu inatengeneza jasi, inatuama chini na kuziba matundu ya matone, utashinda unayachokoa moja moja. Weka siku tofauti, na katikati pitisha maji matupu kusafisha mipira.