Betri imekufa, naunganisha vipi jampa?

Wadau niko hapa Section 58 Nakuru, jana usiku niliacha taa zimewaka, saa hii nikiwasha gari inatoa tu tik tik tik. Jirani ako na gari na waya za jampa lakini sisi wote hatujui gani inaanza. Na gari ni otomatiki so kusukuma haisaidii.

Fundi_Kondele: Pole boss. Zima gari zote mbili, zisigusane. Waya nyekundu kwa chanya (+) ya betri iliyokufa, ncha yake ingine kwa chanya ya jirani, halafu nyeusi kwa hasi (-) ya jirani na ile ya mwisho USIWEKE kwa betri yako, funga kwa chuma ya injini mbali kidogo na betri, kwa sababu betri hutoa gesi na cheche inaweza ilipua. Jirani awashe, ngojeni dakika 5 hivi, ndio ujaribu.

MamaTwins: Kwanza angalia kama taminali (vile vichwa vya betri waya hufungwa) zina ule unga mweupe, mimi nilisumbuka wiki mzima kumbe ni hiyo tu 😂

Mwenye swali: Imeshika! Sasa naeza zima?

Fundi_Kondele: Wee usizime, zunguka nayo kama nusu saa. Kesho ikikataa tena pima oltaneta (ile huchaji betri gari ikiwaka), injini ikiwaka betri isome kama volti 14.