Tupeane uzoefu: kioo cha kompyuta ya gemu ya mkononi, unakichezea setingi au unakiacha kilivyo?

MvuviWaTudor
Salaam jamani. Jumapili nilikuwa navuka Likoni, foleni ya feri haisogei, nikatoa kikompyuta changu cha gemu nipoteze muda. Jua la saa saba lile, sioni kitu. Mwangaza nilikuwa nimeuacha ujirekebishe wenyewe, na kila kidole changu kikipita juu ya kile kijicho cha kupima mwanga, kioo kinafifia. Nikaingia setingi niuzime. Humo ndani nikakutana na joto la rangi, ukolezi wa rangi, kikomo cha fremu (gemu itoe picha ngapi kwa sekunde), hezi za kioo (kioo kibadilishe picha mara ngapi kwa sekunde), namna ya kukuza picha, kichujio cha picha. Nikaanza kujaribu kimoja kimoja. Feri imegusa ng'ambo sijacheza hata dakika moja.

Sasa nauliza: vitelezi vyote hivi vya kusogeza kwa kidole vinatufaa kitu, ama tungepewa kitufe kimoja tukacheza zetu? Nadharia sitaki. Nataka lililokukuta.

FundiMwembeTayari
Vitelezi hivyo ndivyo vinavyonilisha, siwezi kuvitukana sana. Mwezi uliopita kijana kaniletea chake, analia kioo kimekufa, picha inarukaruka kama tuktuk kwenye matuta. Kioo kizima kabisa. Alikuwa ameweka kikomo cha fremu 40, lakini kioo amekiacha hezi 60.

Hesabu yake ni hii. Kioo cha hezi 60 kinabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Fremu 40 hazigawanyiki sawasawa humo, kwa hiyo fremu moja inakaa mpigo mmoja wa kioo, ya pili mipigo miwili, kisha mmoja, kisha miwili. Jicho linaona picha inachechemea. Nilishusha kioo kikawa hezi 40, kila fremu ikapata mpigo wake wa milisekunde 25, mambo yakatulia. Kazi ya dakika mbili, nikamtoza kahawa na kashata.

Ila simlaumu. Vitelezi viwili vimepangwa kimoja juu ya kingine na hakuna mahali palipoandikwa kwamba hiki kinamtegemea mwenzake. Angejuaje?

BintiKisauni
Fundi, hiyo 40 kwangu ndiyo dawa. Kikompyuta changu ni Steam Deck ya kwanza, ile ya 2022, kioo cha 1280 kwa 800 na betri ya wati-saa 40. Nikienda Nairobi kwa treni ya SGR na gemu nzito, nikiiachia ikimbize 60, tukipita Voi betri iko taabani. Nikiifunga kwenye 40, Mtito Andei tunafika na bado inapumua.

Watu hudhani 40 ni 30 iliyoongezwa chumvi kidogo. Tazameni muda wa fremu: 30 ni milisekunde 33.3, 60 ni 16.7, na 40 ni 25. Katikati kabisa! Mkono unahisi wepesi huo, na chipu haihemi kama inavyohema kwa 60. Asingenipa mtu kitelezi hicho ningejua wapi? Wanaotaka kitufe kimoja wapewe, ila mimi msinifungie mlango.

Kijana_wa_Makadara
Anayetaka urahisi si achukue Nintendo Switch? Ile haina kitelezi cha fremu hata kimoja. Unawasha, unacheza.

ShangaziBamburi
Wewe kijana, usitufukuze. Mimi nina wajukuu, na gemu yangu ni ya kulima na kuvua samaki, basi. Wiki mbili nzima naona bahari ya kwenye gemu imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikasema ni macho, uzee huu. Nikapanda matatu hadi mjini kupimwa. Nikaambiwa macho yangu mazima, pesa imekwenda. Kumbe mjukuu alikuwa amesogeza joto la rangi usiku ili mwanga usimuumize, akalala bila kurudisha.

Mimi sisemi setingi ziondolewe. Nataka ninapofungua pale nione hiki kimeguswa, na niwe na pa kubonyeza kirudi kilivyotoka dukani. Nilikitafuta sikukiona.

FundiMwembeTayari
Shikamoo shangazi. Umesema neno. Wengi wanaokuja kwangu hawakuharibu kitu, wamepotea njia tu ya kurudi.

Kuhusu vile vitelezi viwili, kwenye Steam Deck ya OLED (aina nyingine ya kioo), iliyotoka Novemba 2023 na kioo cha hezi 90, vimeunganishwa. Ukichagua fremu 45, kioo kinabaki 90 na kila fremu inakaa mipigo miwili. Ukichagua 30, mipigo mitatu. Hesabu inafanywa na mashine. Ningependa yule kijana wangu angekuwa nayo, ingawa ningekosa kashata.

BaharaMstaafu
Yangu fupi. Nimeunganisha kwenye TV sebuleni, nimewaita watoto, picha ukungu mtupu. Kifaa kilikuwa bado kinatoa 1280 kwa 800 huku TV ni 1920 kwa 1080, na pembeni kumebaki mistari miwili myeusi. Setingi yenyewe haikuwa kwenye sehemu ya setingi za skrini. Ilikuwa ndani ya gemu ile ile, na kila gemu ina yake. Nimetafuta mpaka watoto wamelala.

Na shemeji yangu ana kimoja ambacho kioo chake kimetengenezwa wima, kama cha simu, kisha programu ndiyo inayokigeuza. Akafungua gemu ya zamani, ikaja imelala ubavu. Kaimaliza hatua ya kwanza na shingo kalaza begani.

BintiKisauni
Bahara, kuwekwa kwa kila gemu peke yake ndiko kunakoniokoa mimi. Mpira nauacha 60, ile nzito 40, na sigusi tena. Shida ni kwamba kifaa hakisemi sasa unabadilisha ya gemu hii au ya zote.

MvuviWaTudor
Nimesoma yote, ahsanteni, na shangazi pole kwa nauli. Jana hatimaye nikazima ule mwangaza wa kujirekebisha, nikaupandisha hadi mwisho kwa ajili ya jua la feri. Usiku stima ikapotea mtaa mzima. Nikakiwasha gizani, kikanimulika usoni kama lori la Mariakani. Sasa hivi niko setingi tena.