Mjadala: Darasa la Kiingereza libishanie magari yasiyo na dereva, au kwanza mtu ajue kuuliza njia?

Mleta mada

Wadau wa ufundishaji wa lugha, hili limenikaa kooni, naomba tulijadili. Walimu wenzangu wawili wanataka mada ya teknolojia mpya na usafiri wa kesho iondolewe kwenye vipindi vya mazungumzo kwa wanaojifunza Kiingereza, hasa wa ngazi ya kati kushuka chini. Wanasema mtu anayebabaika kukata tiketi hana sababu ya kubishana kuhusu gari linalojiendesha. Mimi nasema mada ibaki, tena iongezewe muda. Ila tuache kuifundisha kama tunavyoifundisha sasa.

Sasa hivi mwalimu anabandika picha ya teksi inayoruka juu ya maghorofa, anauliza mnaionaje. Wa kwanza anasema ni nzuri. Wa pili anasema ni nzuri sana. Wa tatu anakuta maneno yote mawili yameshachukuliwa, anasema itapunguza foleni. Halafu kimya. Mwalimu anarudi ubaoni kueleza kwamba wakati ujao huundwa kwa neno will, kipindi kinakwisha. Wanafunzi wangu hawakuwa wavivu. Niliwauliza swali ambalo halikuhitaji jibu.

Siku niliyobadilisha sikubandika picha. Niliwasimulia kisa kimoja kwa sentensi fupifupi. Ni Machi 2018, usiku, mji wa Tempe, jimbo la Arizona, Marekani. Gari la majaribio la Uber linajiendesha lenyewe kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa. Mwanamke anavuka barabara akikokota baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Wachunguzi wa serikali wa ajali za usafiri waliandika baadaye kwamba vihisi vya gari vilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Vilimnasa, lakini programu haikujua imeona nini. Mara ikasema ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipobadili jina ilifuta ilichokuwa imekumbuka kuhusu mwelekeo wake. Haikuwa imetengenezwa kumtarajia mtu wa miguu nje ya kivuko. Msimamizi aliyekaa nyuma ya usukani alikuwa anatazama simu. Yule mama akafariki.

Nikatoa simu, nikafungua saa ya kuhesabu sekunde, nikawaomba tunyamaze wote kwa sekunde tano na nusu. Jaribuni hapo mlipo. Kwa mwendo ule gari linakata mita mia na ushee, urefu wa uwanja wa mpira. Muda ulipokwisha, dereva mmoja wa basi, mtu mzima ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu darasa lianze, akasema: it can stop, yaani linaweza kusimama. Akasita. Alijisikia mwenyewe kwamba hakusema alichotaka, maana gari halikusimama na mtu amekufa. Akaniangalia, anadai neno. Kiswahili jambo hilo tunalibeba ndani ya kitenzi kimoja, lingalisimama. Kiingereza kinataka maneno matatu, could have stopped. Nikampa. Akayarudia taratibu, kisha akamgeukia jirani yake na kumuuliza kwa Kiingereza ni nani angalilisimamisha: kompyuta, msimamizi, au aliyeandika programu.

Sarufi hiyo nimewahi kuifundisha wiki mbili mfululizo isishike. Siku ile ilishika ndani ya dakika kumi, kwa kuwa walikuwa na neno moyoni ambalo haliwezi kutoka bila sarufi hiyo. Ndiyo maana nakataa mada hii iondolewe. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu mwenzangu, kisa chako kimenigusa, lakini mimi nafundisha wanaoanza, na ninasimama upande wa hao wenzako wawili.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyetangaziwa kituoni kwamba treni yake inaondoka baada ya dakika 13. Alisikia 30. Thirteen na thirty kwenye kipaza sauti kibovu zinafanana kama mapacha. Akaenda kukaa, treni ikamwacha, usaili wa kazi ukampita. Aliporudi darasani hakutaka kujua lolote kuhusu treni za sumaku, zile zinazoelea juu ya njia yake kwa nguvu ya sumaku. Alitaka nimfundishe kusikia mkazo unaangukia mwisho wa neno au mwanzo wake. Tukafanya hivyo siku tatu, namba tupu, na zilikuwa siku tatu zenye faida kuliko mjadala wowote niliowahi kuuendesha. Usafiri wa mwanafunzi wangu ni wa leo jioni.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mjadala huwapa nafasi wenye maneno. Dereva wako alisema, nafurahi. Lakini kwa kila darasa linalochangamka, hesabu ni wangapi walisema. Mimi nimeona madarasa yenye watu ishirini ambamo watatu wanabishana kwa raha na kumi na saba wanatabasamu. Mwalimu anatoka akidhani somo limefana. Wale kumi na saba wanarudi nyumbani wakiamini kwamba Kiingereza ni mali ya wengine.

Mchangiaji wa pili

Mimi si mwalimu, ni fundi wa mifumo ya umeme niliyejifunza Kiingereza ukubwani, kwa hiyo nimekaa upande wa pili wa dawati hilo. Hofu yangu ni nyingine: mada hii inachacha haraka, na wanaoifundisha hawaangalii tarehe.

Mwaka 2013 Elon Musk alitoa andiko la haipalupu, behewa linalopita ndani ya bomba lililopunguzwa hewa, Los Angeles hadi San Francisco kwa kama dakika 35. Vitabu vya lugha vikalidaka. Tukasoma darasani kwamba watu watasafiri hivyo, watafanya vile. Novemba 2020 watu wawili walipanda kweli, kwenye bomba la majaribio la mita 500 huko Nevada, mwendo wa kilomita 172 kwa saa. Treni ya kawaida ya mwendokasi huizidi hiyo mbali. Mwisho wa 2023 kampuni iliyowapandisha ikafunga shughuli. Teksi za kuruka nazo: Lilium na Volocopter, zote za Ujerumani, zilifilisika mwaka 2024. Kampuni ya Cruise ilinyang'anywa kibali cha magari yake yasiyo na dereva California Oktoba 2023, baada ya gari lake kumburuta mtu aliyekuwa amegongwa kwanza na gari lingine. Mwaka uliofuata wenye mali wakaacha kuigharamia teksi hiyo.

Wakati huohuo treni ya sumaku ya Shanghai inabeba abiria wa kawaida tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na iliwahi kukimbizwa hadi kilomita 431 kwa saa katika safari za kila siku. Huko Phoenix, Arizona, tangu Oktoba 2020, mtu wa kawaida anaweza kuita teksi ya Waymo ikaja bila binadamu kwenye usukani. Kilichoitwa kesho kimekufa, na kingine kinachoitwa kesho kimeshakuwa jana. Mwanafunzi asiyetenganishiwa hayo mawili anajifunza matangazo ya biashara kwa lugha ya kigeni. Na mleta mada, samahani, kisa kimoja cha Tempe nacho kinaegemea upande mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Usukani huwa mikononi mwa binadamu. Hao nao wahesabiwe sekunde zao.

Mleta mada

Ndugu fundi, umenipiga panapouma, na nakubali. Kisa cha Tempe peke yake kinamtisha mwanafunzi bila kumpa mizani. Kuanzia sasa namba hiyo ya milioni 1.19 itaandikwa ubaoni kabla sijafungua mdomo. Na bado kisa kibaki, maana namba kubwa haina uso na hakuna aliyewahi kunyamaza sekunde tano kwa ajili ya asilimia.

Lakini hoja yako ya tarehe haiui mada, inaipa kazi. Chukua ahadi ya 2013, waachie wanafunzi wapitie kila will, waamue: hii ibaki, hii igeuzwe might, yaani huenda, hii iwe was going to, yaani ilikusudiwa ikashindikana. Hapo mtu anaona kwamba kubadili kitenzi kimoja ni kubadili ukweli. Na anayeajiriwa, anayesaini mkataba, anayesoma taarifa ya bima, anahitaji kuona pale mwandishi alipoahidi na pale alipojipa mlango wa kutokea. Sijui zoezi la uhakika kuliko hilo.

Mwalimu wa wanaoanza, nakujibu hapa chini, niache niende taratibu.

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni walimu. Mimi bado mwanafunzi, nasoma tu humu, leo nimeona niandike.

Mnabishana kama mada inatufaa. Mimi kilichonisumbua ni kitu kingine. Mwalimu akiuliza maoni yangu kuhusu gari lisilo na dereva, maoni ninayo. Kaka yangu anaendesha lori, ninajua analala wapi, ninajua macho yake yanakuwaje saa kumi alfajiri. Nina mengi ya kusema kwa upande wa mashine na kwa upande wa kaka yangu. Lakini naambiwa sema kwa Kiingereza sasa hivi, basi ninasema yale tu ninayoyaweza, yaani ni nzuri. Mwalimu anadhani sina mawazo. Tukipewa dakika kumi tuongee kwanza kwa lugha zetu, tupange hoja, ndipo tutafute maneno, tutasema mengi. Darasani kwangu hilo limekatazwa, imeandikwa ukutani.

Mchangiaji wa kwanza

Marahaba. Umesema jambo ambalo sisi walimu tumelikwepa miaka mingi, na ninakushukuru.

Nina wasiwasi mmoja tu. Darasa likiwa na watu wa lugha moja, dakika kumi hizo ni dhahabu. Darasa langu lina lugha sita. Wanne wanaoelewana watakaa kona moja wakichangamka, na yule mmoja asiye na mwenzake wa lugha atakuwa mpweke maradufu. Nilijaribu mara moja, nikamwona anapangapanga kalamu zake mezani hadi muda ukaisha. Sitaki kumwona tena hivyo.

Mleta mada

Mwalimu, nimekuwa nikikufikiria wewe na wale kumi na saba wako.

Kwanza nakupa haki yako: namba 13 na 30 zitangulie. Sifundishi ubishi kwa mtu asiyeweza kufika kituoni. Ninachopinga ni ule ukuta kati ya hayo mawili, kana kwamba mwenye maneno mia mbili hana la kufikiri. Wape wanaoanza sheria ya Uingereza ya mwaka 1865. Gari la mvuke lisizidi maili 4 kwa saa nje ya mji, maili 2 ndani ya mji, na mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Sharti la mtu wa kutangulia lilikuja kufutwa mwaka 1896. Angalia kilichomo humo: namba, rangi, kutembea, mbele, nyuma, polepole. Yote ni maneno ya mwezi wa kwanza. Mwanafunzi mmoja anashika kitambaa chekundu anatangulia, mwingine ni gari, darasa linasimulia anachofanya. Kisha swali moja: gari lisilo na dereva leo, nani atembee mbele yake? Jibu linaweza kuwa neno moja. Polisi. Kompyuta. Hakuna. Mtu wa neno moja ameingia kwenye mjadala uleule anaoingia mbunge.

Tena kuna jambo la lugha hapo ninalolipenda sana. Magari ya kwanza Waingereza waliyaita horseless carriage, gari lisilo na farasi, kwa kutaja kilichokosekana. Leo wanasema driverless car, gari lisilo na dereva. Kila mara kitu kipya hupewa jina la aliyeondoka. Waambie wanafunzi wakisie lini neno dereva nalo litaacha kutajwa, kama farasi alivyoacha kutajwa. Dereva wangu wa basi alilikataa zoezi hilo kwa maandishi, aya nzima. Ndiyo aya ndefu kuliko zote alizowahi kuniletea.

Kuhusu watatu wanaobishana na kumi na saba wanaotabasamu, uko sahihi, na mimi ni miongoni mwa waliodanganyika hivyo. Sasa hakuna anayefungua mdomo kabla kila mmoja hajaandika sentensi moja kwenye karatasi. Karatasi zinabadilishwa, na unasoma ya mwenzako, si yako. Aliye mwoga anasikia wazo lake likisemwa kwa sauti na mtu mwingine, na mara nyingi anaingilia kusahihisha: hapana, sikumaanisha hivyo. Hapo ameshazungumza.

Mdogo wangu mwanafunzi, kuhusu kile kibandiko cha ukutani, mwonyeshe mwalimu wako maneno yako haya. Kwangu hizo dakika kumi za lugha ya nyumbani zinaanza wiki ijayo.

Lakini yule anayepanga kalamu zake bado sijampatia dawa. Nimewaza akae na mimi, tupange hoja zake kwa michoro na mishale, ila nahofia ataonekana wa pekee zaidi. Aliyefundisha darasa la lugha sita au saba na akaliweza hili, atueleze alimketisha na nani na akampa kazi gani. Mwalimu wa wanaoanza na mimi tunasubiri.