Kipima mwanga cha kamera ya zamani hakiaminiki: zinki-hewa, adapta, fundi au kipima cha mkononi?

Mwanga_wa_Kando
Wakuu, habari. Nina kamera ya SLR ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Shata yake ni ya mitambo mitupu, betri inahudumia kipima mwanga peke yake. Ilibuniwa kwa betri ya zebaki ya PX625, volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ilinifikia ikiwa na betri ya alkalini ya umbo lilelile. Nikipiga juani, negativu zinatoka nyepesi na sehemu za kivuli hazina kitu. Kwenye mwanga hafifu ziko afadhali. Halafu kuna hili: nikizungusha gurudumu la ISO (la kuweka wepesi wa filamu kupokea mwanga), mshale wa kipima unaruka, mara unaanguka hadi chini, mara unapanda wenyewe.

Nafikiria betri ya zinki-hewa, au betri ya fedha pamoja na adapta ya kupunguza volti, au kumpa fundi akirekebishe kipokee volti za betri za sasa, au kuachana na kipima cha ndani nitumie cha mkononi. Mliopita njia hizi, ipi ina nafuu?

Bi_Negativu
Zinki-hewa, bila kusita. Betri za namba 675, zile za vifaa vya kusaidia kusikia, zinatoa karibu volti 1.4 na kubaki hapo hadi zinapoisha, tabia ileile iliyokuwa nayo zebaki. Alkalini inaanza 1.5 na kushuka kadiri unavyoitumia, kwa hiyo hata ukijua leo inakosea kiasi gani, baadaye hesabu imebadilika.

675 ni ndogo kuliko 625, kipenyo chake ni milimita 11.6 na ya zamani ni kama 15.6, hivyo izungushie pete ya mpira ikae katikati. Bandua kibandiko, iache dakika chache ivute hewa, ndipo uifungie. Ubaya wake ni kwamba ukishabandua inaendelea kuisha hata kamera ikiwa kabatini. Tegemea wiki kadhaa, ukibahatika miezi michache.

Slaidi_Tupu
Dada, kuhusu volti nakubali, ila betri inayokufa ikiwa imekaa tu siwezi kuitegemea safarini. Napiga slaidi, na huko nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu) inaonekana waziwazi. Betri ya fedha ya SR44 inatoa volti 1.55 na haiyumbi hadi karibu na mwisho wake. Adapta yenye diodi inaondoa ile ziada ya takriban 0.2 na unasahau habari ya betri kwa muda mrefu. Hakikisha tu diodi ipo kweli. Kuna pete za chuma tupu zinazoitwa adapta ambazo zinabadilisha umbo peke yake, volti zinapita zote.

FundiShata
Wakuu, mmeruka hatua. Ndugu yetu ametaja kasoro mbili na ninyi mnashughulikia moja.

Volti zikizidi, mshale unasoma mwanga mwingi kuliko uliopo. Wewe unaufuata, unabana tundu la lenzi, negativu inatoka nyepesi. Katika saketi nyingi za wakati ule kosa hilo halilingani kotekote, kwa hiyo jua na kivuli kutofautiana si ajabu. Lakini volti iliyozidi inakosea kwa utulivu. Mshale unaoruka ni umeme unaokatika njiani, na hapo ubadilishe betri ya aina yoyote, hutafika popote.

Fungua kifuniko cha betri uangalie kontakti ya chini kabisa. Ukiona unga mweupe au wa kijani, kuna betri iliwahi kuvuja. Kinachovuja ni cha asili ya magadi, kwa hiyo siki kidogo au ndimu kwenye kijiti cha pamba inakiyeyusha. Povu likiisha, futa kwa spiriti safi, acha pakauke. Hata hivyo kontakti ikishang'aa usiridhike. Waya ulioungwa chini yake mara nyingi umeliwa ndani ya plastiki: kwa nje mzima, ukiuchuna unakuta nyuzi nyeusi zinazovunjika kwa kucha. Pima kwa multimita kutoka kontakti hadi mwisho wa waya. Ulioliwa unabadilishwa, kuusafisha ni kupoteza muda.

Njia ya umeme ikiwa nzima na mshale bado unaruka, hapo ni rizista iliyo chini ya gurudumu la ISO. Kuna kidole chembamba cha chuma kinachotambaa juu ya ukanda wake, na uchafu unakaa katikati yao. Toa betri, zungusha gurudumu mwisho hadi mwisho kwa kurudiarudia. Mara nyingi linatulia. Tafadhali usipulizie dawa ya kusafishia kontakti kutoka nje. Inasambaa hadi kwenye kioo cha kulengea na kwenye shata, na hapo umejitafutia kazi nyingine.

Mwanga_wa_Kando
Shukrani fundi. Nimefungua, unga wa kijani upo kwenye uzi wa kifuniko na chini pia. Nitausafisha. Lakini baada ya hapo nitajuaje kama kipima kinasema kweli?

MzeeWaFilamu
Tafuta ukuta wa rangi moja uliopata mwanga sawasawa, ujaze fremu nzima, lenzi iwe kwenye mbali kabisa. Funika dirisha la kuangalizia kwa kidole wakati wa kusoma, kwa sababu mwanga unaoingia kwa nyuma hufika kwenye seli na kupandisha mshale, hasa kwa wanaovaa miwani ambao jicho halizibi vizuri. Linganisha na kipima unachokiamini. Programu ya simu inatosha kwa kazi hii mradi ione eneo lilelile la ukuta.

Fanya hivyo juani, kivulini na chumbani. Ukitoka juani kuingia ndani, subiri kidogo: seli za kadmiamu salfaidi zinakumbuka mwanga mkali na huchelewa kuuachia, usomaji wa haraka utakudanganya. Unachotafuta ni kama tofauti inabaki ileile. Ikibaki, unaimaliza kwa gurudumu la ISO. Ikibadilika kila mahali, hakuna namba moja itakayokuokoa.

Jua wazi likiwa juu lina kipimo chake pia: tundu f/16, filamu ya ISO 100, kasi 1/125. Kipima kikikuambia f/32 hapo, huhitaji kifaa kingine kujua kinakosea.

Na kabla ya yote, angalia namba na maandishi ya kiwandani pembezoni mwa filamu. Hayo hayakupigwa na kamera yako. Yakiwa nayo yamefifia, tatizo liko kwenye usafishaji wa filamu, kipima hakina hatia.

Chipukizi35
Samahani kuingilia. Yangu haina betri kabisa, ina seli ya seleni iliyozunguka lenzi, na mshale unasogea kidogo tu hata juani. Ushauri huu unanihusu?

FundiShata
Sehemu ya volti hapana, seli yako inazalisha umeme wenyewe. Angalia waya na viungo kwanza. Vikiwa vizima, seli imechoka, na seleni iliyochoka hairudi. Inabadilishwa, au unatumia kipima cha mkononi.

Kwa wote: kabla ya kununua adapta, jua saketi ya kamera yako. Pentax Spotmatic, iliyotoka mwaka 1964, ina saketi ya daraja ambayo haijali sana volti, unaweka betri ya fedha na unaendelea kupiga. Nyingine za enzi hiyo zinategemea 1.35 hasa.

Mwanga_wa_Kando
Mrejesho. Maandishi ya pembezoni yako sawa, meusi na makali. Waya wa chini ulikuwa umeoza kama fundi alivyosema. Umebadilishwa, mshale umetulia kabisa nikizungusha gurudumu. Kwa alkalini kosa bado lilikuwa kubwa juani na dogo chumbani. Nimeweka 675, sasa tofauti ni theluthi moja ya stopu kotekote, kipima kinasoma juu kidogo. Filamu ya 400 nitaiweka 320.

Slaidi_Tupu
Hapo umefika. Ukichoka kubadilisha betri, adapta ipo.

Bi_Negativu
Na akiendelea na 675, azibe matundu yake kwa utepe akiacha moja wazi. Kipima kinatumia umeme kidogo mno, hewa ya tundu moja inakitosha, na betri inadumu zaidi.

FundiShata
Kuhusu lile wazo la kumpa fundi: linafaa, ila mwambie akirekebishe kwa betri ya fedha ya 1.55. Akikipanga kwa alkalini mpya, kitakuwa sahihi kwa muda mfupi tu, kisha kitaanza kuyumba pamoja na betri.