Amlodipini, Lasix na mifupa ya mama aliyekoma hedhi

Mlango_wa_Dawa:
Wakuu, habari za jioni. Kuna mama wa miaka 58, wa Mbagala, hedhi ilikoma akiwa na 50. Presha ilikuwa 168/96, akaanzishiwa amlodipini 10 mg. Presha ikatulia ila miguu ikavimba, akaongezewa Lasix, dawa ya kukojoza, 40 mg kila asubuhi. Huu ni mwezi wa tano wa dawa na uvimbe bado upo, misuli inambana usiku, na mgongo unauma hadi anajinunulia diklofenaki dukani. Moyo na figo vimepimwa, viko sawa. Hiyo dawa ya kukojoza haimli mifupa? Na kalsiamu apewe kiasi gani?

Kidonge_Nusu:
Anzia miguuni, mkuu. Uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo inayopeleka damu hulegea, ile inayoirudisha hailegei kiasi hicho, basi maji yanachuruzika kwenye nyama za kifundo. Ukimkojoza unakausha damu, kifundo kinabaki vilevile. Mara nyingi daktari akishusha hadi 5 mg na kuongeza losartani, dawa nyingine ya presha, uvimbe hupungua na presha inashikika.

Kuhusu mifupa, wasiwasi wako una msingi. Lasix hutoa kalsiamu kwenye mkojo, na huyu estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, imeshashuka, mfupa unabomolewa haraka kuliko unavyojengwa. Inatoa na potasiamu pia, ndiyo maana ningeipima kwa sababu ya hiyo misuli. Haidroklorothiazidi, dawa ya kukojoza ya kundi la thiazidi, hufanya kinyume: figo inaizuia kalsiamu isipotee. Kama kweli anahitaji dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha, hiyo inamfaa zaidi. Ila si dawa ya mifupa, na inaweza kushusha sodiamu ya damu, hivyo apimwe ndani ya wiki chache za mwanzo. Akianza kuchanganyikiwa au kuyumba, hospitali siku hiyohiyo.

Asiache kitu mwenyewe. Abebe vidonge vyote kwenye mfuko, pamoja na vile vya dukani. Hivyo ndivyo daktari haambiwi.

Nesi wa Zamu:
Naongezea kwenye diklofenaki, maana mmeipita. Inazuia chumvi na maji mwilini, inapandisha presha, na huenda sehemu ya uvimbe ni yake. Ikikutana na losartani na dawa ya kukojoza kwa mpigo, figo zinaumia. Parasetamo ni salama zaidi, lakini si ile ya kuyeyusha kwenye maji, ina sodiamu nyingi.

Mgongo wenyewe usiuchukulie kuwa ni uchovu. Mpime urefu bila viatu, visigino ukutani. Akiwa amepungua sentimita 4 kulinganisha na ujana wake, au maumivu yalianza ghafla baada ya kunyanyua ndoo, apigwe eksirei ya mgongo: pingili inaweza kuwa imebonyea. Kujua uzito wa mfupa ni kipimo cha DEXA, eksirei maalumu ya mifupa, na alama ya -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa dhaifu na rahisi kuvunjika.

Halafu mpime presha akiwa amelala dakika 5, kisha akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, hapo ndipo anapoangukia akiamka usiku kwenda msalani. Nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka.

Jiko_la_Pwani:
Kalsiamu kwa umri wake ni kama 1,200 mg kwa siku, chakula kikihesabiwa. Glasi ya maziwa ya 250 ml ina karibu 300. Dagaa wanasaidia sana ilimradi waliwe na miiba yao; wanaowabandua uti wanatupa kilichotafutwa.

Shida ni chumvi. Dagaa wa pwani wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hupandisha presha huku ikitoa kalsiamu kwenye mkojo. Waloweke kwenye maji ya moto, mwaga, suuza tena, pika bila kuongeza. Wa Mwanza ugomvi wao ni mchanga tu. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila oksaleti iliyomo inaing'ang'ania kalsiamu yake, isihesabiwe.

Kidonge kijaze pengo tu: kisizidi 500 mg kwa mara moja, na kalsiamu kaboneti imezwe pamoja na chakula. Akihamishiwa thiazidi, msimrundikie kalsiamu na vitamini D. Kiu isiyoisha, choo kugoma na kichefuchefu ni dalili kwamba kalsiamu imejaa kwenye damu.

Mlango_wa_Dawa:
Nimekuelewa, Nesi. Diklofenaki naisimamisha leo, Jumatatu anarudi kwa daktari na mfuko wake.