Kipimo cha GBS wiki ya 36: kiwe cha lazima kliniki?

MamaKulwa: Wadau, kliniki tunapimwa UKIMWI, kaswende, wingi wa damu na mkojo. Mbona GBS, yule bakteria wa streptokoka kundi B, hapimwi? Wifi yangu yuko Marekani, alipofika wiki ya 36 alichukuliwa sampuli, akakutwa naye. Leba akawekewa dripu ya penisilini, mtoto mzima. Mimi 2019 mtoto wangu alianza kuhema kwa kukoroma usiku uleule aliozaliwa, siku ya pili akafariki. Waliandika "maambukizi kwenye damu". Hakuna aliyeotesha damu yake, kwa hiyo sitajua alikuwa bakteria gani. Kiwe cha lazima au la?

FundiMaabara: Pole sana dada. Niko maabara mwaka wa kumi na moja. Hiki si kipimo cha kuchoma kidole kama malaria. Unachukua sampuli ukeni na njia ya haja kubwa, unaotesha, unasubiri siku mbili tatu. Vituo vingi vya afya havioteshi chochote. Na utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2009 ulikuta karibu mjamzito mmoja kati ya wanne anaye. Hao wote wawekewe dripu, na manesi ni walewale wawili wa zamu?

MjumbeWaShina: Naomba kueleweshwa. Mke katulia, mume katulia. Huyo bakteria kaingilia mlango gani? Tusifichane kwa majina ya kitaalamu.

BintiPangani: Mwenzio amezika mtoto, wewe unatafuta mchepuko! Bakteria huyo makao yake ni utumbo. Hata wewe hapo ulipo unaweza kuwa naye. Hahesabiwi ugonjwa wa zinaa.

MjumbeWaShina: Neno mchepuko umelileta wewe. Mimi nimeuliza mlango.

BintiPangani: Tunawajua wauliza milango.

MamaKulwa: Kaka Mjumbe, swali lako hilo niliulizwa na mama mkwe kabla hata ya arobaini ya mtoto, mbele ya mashemeji. Ndiyo maana wengine tukiwa kliniki hatuulizi kitu, tunachukua kadi tunaondoka.

Ngosha_wa_Magu: Poleni. Ila mbona rahisi? Kila mjamzito wiki ya 36 apewe amoksilini, kazi imeisha.

FundiMaabara: Haiishi, Ngosha. Ukimeza vidonge mapema bakteria anapungua, halafu anarudi kabla ya kujifungua. Dawa inatakiwa mshipani uchungu ukishaanza, na ipite angalau saa 4 kabla mtoto hajatoka. Sasa hesabu wangapi wanafika kituoni njia imeshafunguka sentimita nane. Na hata ikiwahi, inamkinga mtoto wiki ya kwanza tu. Anayeugua baadaye, hadi miezi mitatu, haimsaidii.

DadaWaLeicester: Huku Uingereza hawapimi kila mtu. Wanaangalia hatari: uliwahi kuzaa mtoto aliyeugua GBS, una homa leba, uchungu umekuja kabla ya wakati. Hoja yao ni kwamba bila dawa, katika watoto 100 wa mama wenye bakteria, wanaougua ni mmoja au wawili. Hao wengine mnawapa mama zao antibayotiki bure.

BintiPangani: Wewe wodi ya watoto mahututi iko ng'ambo ya korido. Usitupimie kwa kibaba cha Leicester.

DadaWaLeicester: Nimezaliwa Korogwe, zahanati, kwa taa ya chemli. Mdogo wangu hakumaliza wiki. Usinifukuze kwenye msiba wa kwetu.

BintiPangani: Hilo sikulijua. Pole dada. Ila Marekani tangu 2002 wanapima wote, na ugonjwa wa wiki ya kwanza umeshuka kutoka karibu watoto wawili kwa kila 1,000, miaka ya tisini mwanzoni, hadi kama mmoja kwa kila 4,000. Huyo mmoja au wawili unaowasema wana mama zao, na mmoja wa hao mama pengine ndiye aliyeanzisha mjadala huu.

MjumbeWaShina: Niseme na mimi. Hudhurio la kwanza mnasema tuje na wenza. Tukija tunapimwa, tunapigwa picha. Majibu mengine yakitoka, mume anasubiri nje chini ya mwarobaini. Mngetueleza mapema, nisingeuliza mlango.

BintiPangani: Mngeingia ndani mkae, mngeelezwa.

MjumbeWaShina: Nimefukuzwa mara mbili na nesi, tena mke wangu akinishika mkono!

Wiki35: Samahani kuingilia. Mimi ndiyo niko wiki ya 35. Nesi namwanzaje?

FundiMaabara: Muulize kama hospitali ya rufaa ya mkoa wanaotesha sampuli ya GBS, na bei yake. Wasipootesha, mwambie kama uliwahi kuzaa njiti au mtoto aliyeugua siku za mwanzo, na kama penisilini inakudhuru. Chupa ikipasuka usingoje uchungu nyumbani. Ukipata homa leba, sema kwa sauti.

MjumbeWaShina: Na uende na mumeo.

Wiki35: Mume yuko machimboni Geita hadi mwezi ujao. Nitaenda na mama.